Mbona Bado Linaonekana Toi? Maswali Yenu Kuhusu Modeli za Magari ya Polisi

Haya wadau. Toleo lililopita niliweka picha moja tu, ile Crown Victoria yangu nyeusi na nyeupe (gari la Ford lililotumiwa sana na polisi wa Marekani) ikiwa imekaa kwenye kiganja, nikaandika mistari mitatu kwamba ukitaka modeli ifanane na kweli chagua gari moja ulilowahi kuliona kwa macho yako uunde hilohilo, sio "gari la polisi" la kichwani. Basi meseji zimekuja mpaka simu nikaizima. Wengi mnauliza kitu kilekile kwa maneno tofauti, kwahiyo nimechagua chache, waliobaki mnisamehe.

SWALI: Shikamoo fundi. Mi niko Tabata. Nilinunua gari la chuma la polisi skeli 1/24, nikalipiga spreyi upya koti tano za nguvu, linang'aa hatari unajiona sura. Lakini washkaji wakilishika wanasema toi zuri. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Umekosea kwenye hizo koti tano za nguvu. Hebu tupige hesabu, rangi ya spreyi ukiirundika juu ya rangi ya kiwandani inafika robo milimita kirahisi tu, sasa zidisha mara 24 maana gari lako ni dogo mara 24, unapata milimita 6. Umewahi kuona gari lina rangi nene kama kidole cha mtoto? Ndo maana mistari ya milango imeziba na vitasa vimekuwa kama vimechovywa kwenye uji. Jicho la mtu halijui hiyo hesabu ila linaiona, linasema toi.

Anza upya. Ivue bodi kwenye skrubu za chini, toa vioo na kila kitu cha plastiki, halafu ivue rangi yote ubaki na chuma. (Kama ungetaka kutoa maandishi tu bila kugusa rangi, asetoni ya kutolea rangi ya kucha na pamba vinatosha, unapangusa haraka haraka, ila isiguse bampa wala taa maana plastiki itayeyuka mbele ya macho yako, usije kusema sikukwambia.) Prima (rangi ya kwanza ya kushikisha) nyembamba, halafu rangi nyembamba mara tatu nne ukisubiri ikauke kila mara. Gari la nyeusi na nyeupe unaanza na nyeupe, unaziba milango na paa kwa tepu, halafu kabla ya nyeusi unapulizia nyeupe kidogo tena kwenye ukingo wa tepu, hiyo nyeupe ndo inaziba vitundu na nyeusi haipenyi chini. Hii siri ndogo imeniokoa sana.

Alafu punguza kung'aa. Gari la doria linaoshwa kila siku kwa brashi ngumu na linalala juani, haling'ai kama la harusi. Matairi yasugue na msasa laini mpaka yawe ya vumbi. Kwenye mistari ya milango pitisha rangi iliyochanganywa maji maji, kwenye nyeusi tumia nyeusi na kwenye nyeupe tumia kijivu, ukitumia nyeusi kwenye mlango mweupe linakuwa katuni. Na rimu jamani, polisi wa Marekani wengi walipita na rimu za chuma za kawaida zenye kikofia kidogo katikati, sio hizo za kumeremeta zilizokuja na toi lako.

SWALI: Habari za huko kaka. Niko Minneapolis mwaka wa tisa sasa. Nina Crown Vic ya 2008 niliinunua mnadani, ilikuwa ya polisi, jua likiwa la upande unaona mlangoni kivuli cha maandishi yaliyobanduliwa. Nataka niunde modeli yake. Niiunde ilivyokuwa kazini au ilivyo leo?

JIBU: Ilivyo leo!! Kaka usinichoshe, modeli za Crown Vic za polisi zimejaa dunia nzima lakini ya polisi mstaafu yenye kivuli cha maandishi mlangoni ni wangapi wanayo. Gari lenyewe limeshakuwa historia, la mwisho lilitoka kiwandani St. Thomas kule Ontario, Kanada, tarehe 15 Septemba 2011 na baada ya hapo idara zikahamia kwenye Dodge Charger na Ford Explorer, mengi ya zamani yakaishia mnadani yakawa teksi au yakawa kama lako.

Kivuli kinatengenezwa hivi. Rangi iliyokaa chini ya stika haikupigwa na jua kwahiyo imebaki na mng'ao kuliko ya pembeni, si ndio? Basi paka mlango ung'ae vizuri, kata herufi za tepu uzibandike pale palipokuwa na maandishi, pulizia varnishi ya kufifisha juu ya mlango mzima kwa mbaali, bandua herufi. Ukiliangalia mbele kwa mbele huoni kitu, ukiligeuza kwenye taa maandishi yanatokea. Mara ya kwanza kufanya hii nilimwita mke wangu jikoni aje aone, akaja na mwiko mkononi akasema sioni kitu, nikamwambia inama kidogo, akainama, akasema ee, alafu akarudi kwenye ugali wake.

Usisahau matundu. Panda juu ya gari lako uangalie paani palipofungwa vimulimuli, kuna vizibo vya raba, na kwenye nguzo ya kioo upande wa dereva palikaa taa ya kumulikia, kama ipo bado basi iweke na kama imetolewa weka tundu. Kunja zulia la buti uone rangi ya asili iliyojificha, maana kama lilikuwa la Minnesota State Patrol, polisi wa barabarani wa jimbo lenu, lazima ukute rangi ya damu ya mzee hata kama nje limepakwa nyingine. Ukiangalia namba ya chesisi utakuta P71, hiyo ndo alama ya toleo la polisi ambayo wapenzi wa hili gari wanaitaja kama jina la mtoto.

Kuhusu boksi: lile la kuunganisha la kampuni ya Lindberg la 1/25 ni sura ya kabla ya 1998, lako la 2008 lina sura iliyoanza 1998 kwahiyo taa na grili vitakusumbua. Tafuta la chuma la Motormax la 1/24 ulivue. Na usichanganye vipande vya 1/24 na 1/25 ukidhani ni kitu kimoja, gari lenye urefu wa mita 5.38 linakuwa sentimita 22.4 kwenye moja na 21.5 kwenye nyingine, karibu sentimita nzima hiyo.

SWALI: Mambo fundi, hapa ni Umoja, Nairobi. Nilienda Luthuli Avenue nikanunua LED za red na blue za kuweka juu ya modeli yangu. Nimeziunganisha zote pamoja na rezista moja na betri ya 9V. Red zinawaka poa lakini blue zimekataa kabisa. Nimebadilisha hizo blue mara mbili nikidhani zimeungua. Shida ni gani?

JIBU: Poa sana ndugu yangu, na hizo blue ulizotupa nenda kaziokote jalalani ni nzima!

Shida ni hiyo rezista moja, kile kidude cha kupunguza umeme. LED nyekundu inahitaji kama volti 2 tu iwake, ya blue inahitaji kama 3. Ukiziweka sambamba kwenye rezista moja, nyekundu ikishapata volti zake 2 inaufungulia umeme wote upite kwake na volti haipandi tena, blue inabaki inasubiri 3 ambayo haifiki kamwe. Ni kama bomba la mtaani, nyumba ya bondeni ikifungua maji wa mlimani wanakoga kwa kikombe. Mpe kila mmoja rezista yake. Kwa betri yako ya 9V weka ohm 680 kwa kila LED, nyekundu na blue zote sawa tu. Ukitumia chaja ya simu ya volti 5, ambayo mi ndo napendekeza kwasababu 9V inaisha haraka, nyekundu ipe 330 na blue 220. Betri ya saa ya volti 3 kwa blue achana nayo, itawaka kama inaumwa.

Waya usitumie ule wa redio, ni mnene mno. Nenda kwa fundi anayefunga mota upya umuombe kipande cha waya wa koili, ule mwembamba kama unywele wenye varnishi, unaukwangua ncha tu, unaupitisha kwenye nguzo ya nyuma ya gari unashuka nao chini ya kiti, unapaka rangi ya nguzo juu yake, kwisha. Ndani ya paa paka nyeusi kabla ya rangi nyingine, usipofanya hivyo taa zikiwaka paa zima linang'aa kama kibuyu chenye mshumaa, hapo uzuri wote umekwenda.

Halafu uliza gari lako ni la mwaka gani. Vimulimuli vya siku hizi vya LED vinapiga pa-pa-pa vikali, lakini vya zamani ndani kulikuwa na balbu na kioo kinazunguka kwa mota, mwanga wake unapanda na kushuka taratibu. Gari la 1985 ukilipa mwanga wa pa-pa-pa umeliharibu. Na sio kila gari lina nyekundu na blue, Michigan State Police kwa miaka na miaka wana magari ya blue yenye taa moja tu nyekundu ya mviringo katikati ya paa, ipo peke yake kama kofia, na inapendeza ajabu. We ukianza hobi nakushauri uanze na hiyo, taa moja, rezista moja, presha hakuna.

SWALI: Fundi mimi ni wa Tanga. Nimechapa stika za maji (zile unazoloweka kwanza ndo uzihamishie kwenye gari) kwa printa yangu ya nyumbani, nilipoziweka kwenye maji wino wote ukatoka, maji yakawa chai. Pia maandishi meupe hayakutokea kabisa. Na nilipopiga varnishi ya mwisho gari likaingia ukungu mweupe. Nimekata tamaa kusema ukweli.

JIBU: Pole, umekutana na matatu kwa mpigo. Wino wa printa ya nyumbani unayeyuka kwenye maji, lazima upulizie karatasi varnishi ya spreyi kwanza, mara mbili tatu kwa mbaali sana (ukimwaga mara moja wino unatambaa), uache ilale usiku mzima ndo ukate. Meupe hayakutokea kwasababu printa haina wino mweupe, inategemea weupe wa karatasi. Zamani kulikuwa na printa za ALPS zilizokuwa zinachapa nyeupe na watu wa modeli walizipenda kufa lakini zilishaacha kutengenezwa.

Njia yangu mimi, na nilijifunza kwa vijana wa stika: nenda kwa wale wanaokata stika za bodaboda na daladala, wana mashine ya kukata kwa kompyuta. Paka mlango rangi nyeupe kwanza, wakukatie herufi, uzibandike juu ya nyeupe, upulizie blue ya gari juu ya vyote, halafu ubandue herufi. Maandishi meupe yanabaki safi kabisa na hayana unene. Ila herufi isipungue milimita 4 hivi, chini ya hapo mashine inararua.

Ukungu ni unyevu wa hewa yenu ya pwani, varnishi ikikauka haraka inanasa maji ya hewani. Usipige asubuhi wala jioni wala siku mvua imetoka kunyesha. Piga mchana saa sita saba siku kavu, kopo uliloweke kwanza kwenye maji ya vuguvugu (vuguvugu nimesema, sio moto na sio jikoni). Hilo lililoingia ukungu usilitupe, subiri siku ya jua kali ulipulizie tena kwa mbaali, mara nyingi ukungu unaondoka wenyewe.

SWALI: Kaka mbona skeli zenu zina namba za ajabu, 1/43 ndo nini, si wangeweka 1/40 tu? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Wazungu wa treni za kuchezea hao. Kwenye treni za saizi wanayoita O kule Uingereza, futi moja ya kweli ni milimita 7, ukigawanya inakuja kama 43, magari ya kuweka pembeni ya reli yakafuata hapohapo. 1/24 ni nusu inchi kwa futi. 1/25 ni ya Wamarekani, kampuni kama AMT walianza kwa kutengenezea wauza magari vimodeli vya kuvutia wateja. Umeridhika?

SWALI: Mi nataka difenda la polisi la hapahapa Bongo. Nimetafuta madukani na mitandaoni hakuna, yapo ya Marekani na Uingereza tu. Naanzia wapi? (Mpenda Difenda, Morogoro)

JIBU: Hili ndo swali nililokuwa nalisubiri. Kwanza nikwambie, utoto wako ulishakufundisha nusu ya kazi, aliyewahi kuunda gari la waya na matairi ya ndala anajua kuangalia gari na kulipunguza, hao wenzetu wanaofungua boksi lenye vipande mia hawana hiyo.

Sasa sikiliza. Ile namba 110 kwenye jina la difenda ni inchi kati ya tairi la mbele na la nyuma, katikati kwa katikati, yaani milimita 2,794. Gawanya kwa 24 unapata 116 na kidogo. Ukikuta toi la Land Rover sokoni halijaandikwa skeli, toa rula upime hapo: 116 ni 1/24, 65 ni 1/43. Muuzaji atakushangaa, mwache.

Maboksi ya 1/24 yanayopatikana ni ya Land Rover ya zamani, Series III ya 109, kampuni ya Italeri wametoa na Revell wametoa. Utasema 109 sio 110. Ndio, lakini tofauti kwenye 1/24 ni milimita moja tu! Tatizo sio urefu, tatizo ni sura. Ya 109 ina kioo cha mbele chenye vipande viwili, grili imerudi ndani kati ya madigadi, na juu ya matairi haina zile nyusi nyeusi za plastiki. Ile 110 iliyotoka 1983 kioo ni kimoja, pua imekuja mbele ikawa bapa, nyusi zipo, na jina la Defender lenyewe lilikuja 1990. Kwahiyo unakata ile nguzo ya katikati ya kioo, unajenga pua mpya kwa plastiki bapa, kadi ya benki iliyoisha muda inafaa kabisa, nyusi unazichonga kwa kadi hiyohiyo ukiikunja kwa maji ya moto. Usikimbie hapa, mimi pua ilinila wiki tatu. Au kama bodi ya 109 hujaipata, jenga lote kwa kadi, difenda lina bahati moja kubwa, ni mabapa matupu, jaribu kufanya hivyo na Crown Victoria utalia.

Nyavu za madirishani usinunue. Pima tundu la chandarua kilichochakaa, kama ni milimita 2 basi kwenye gari la kweli ni karibu sentimita 5, nyavu hiyo. Ukitaka ya tundu dogo zaidi omba kipande cha shela kwa fundi nguo. Mabenchi ya nyuma ni vijiti vya meno na kadi. Eriali ni waya wa brashi au unywele wa ufagio, na iweke imepinda kidogo maana haijawahi kunyooka.

Namba iwe PT ya polisi, usiandike T kama gari la raia, nimeona mtu kafanya hivyo kwenye modeli nzuri kabisa nikaumia. Saizi ya maandishi ya ubavuni pata hivi: tafuta picha iliyopigwa ubavu mtupu, ikuze kwenye kompyuta mpaka tairi la mbele na la nyuma zipishane milimita 279, hapo kila milimita moja kwenye kioo ni sentimita moja ya gari. Herufi ikisoma 20 basi ni sentimita 20, kwenye modeli yako ni milimita 8 na kidogo.

SWALI: Sasa hizo picha za gari la polisi la kweli tunazipataje bila kulala ndani? Si utaambiwa jasusi. (Dodoma)

JIBU: Umecheka lakini ni swali la maana. Usipige picha kwa kujificha, usipige kituoni wala gari likiwa kazini, na kwa Mungu usijibanze nyuma ya mti na kamera ya kuvuta. Mi nilifanya kwa kubeba modeli yenyewe mkononi ikiwa nusu, bila kamera, nikaenda mapokezi nikasalimia nikaeleza. Walicheka kwanza, wakaitana. Picha walinikatalia, wakasema hiyo haipo, ila askari mmoja mtu mzima ambaye nahisi ndo alikuwa dereva alitoka nayo nje akaiweka juu ya boneti la lile kubwa, akazunguka taratibu mikono nyuma. Nilitegemea atasifia rangi. Akaniuliza mbona stepu ya nyuma umeiweka imenyooka, hii yetu imebonyea kulia wanapokanyagia wote. Nikatazama, kweli imebonyea.

Nimerudi nyumbani nimeipasha moto ile stepu kwenye kijiko nikaibonyeza kulia.